Pitisha Kiganja Ukutani Kwanza

Nimestaafu. Nina miaka thelathini na mmoja, mtoto wa pili bado ananyonya, na nimestaafu kazi ya rangi. Mnaotaka kucheka chekeni sasa mmalize, halafu msome, kwa sababu haya ninawaandikia ninyi wasichana wangu mliobaki na ngazi, rola na ile ndoo yangu iliyopasuka mdomo. Sitaandika nililipwa vipi wala nani alinipandisha cheo. Kwenye rangi hakuna cheo. Kuna aliye juu ya ngazi na kuna anayeishikilia. Nitaandika kuhusu kuta, na zaidi kuhusu kile kinachokuja kabla ya rangi, kile ambacho wateja wetu wanakiita ujanja wa wenye duka: kuziba plasta na kuipiga praima.

Mtanikuta na hasira humu ndani, mnanijua. Nina hasira na kontrakta anayesema praima ni mapambo. Nina hasira na kila mwanamume aliyenikuta juu ya ngazi, nimejaa rangi hadi kwenye kope, akaniuliza fundi yuko wapi. Lakini msidanganyike. Kazi hii niliipenda sana, na mpaka leo nikipita penye plasta mpya moyo unaruka kama wa mtoto aliyesikia kizibo cha soda kikifunguliwa. Nataka kuigusa. Nataka kujua inakunywa au hainywi. Mume wangu hunivuta mkono barabarani.

Siku yangu ya kwanza sikushika brashi. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, matokeo hayakuwa ya kumwita jirani aje aone, na mama yangu alikuwa akiuza ndizi sokoni Daraja Mbili. Karibu na soko palikuwa na jengo jipya la maduka, na ndani yake kulikuwa na fundi wa rangi kutoka upande wa ziwa, mrefu, mkimya, anaitwa Odhiambo. Nilienda nikamwambia nataka kazi. Hakuniuliza kama naogopa ngazi. Alinituma nizunguke vyumba vyote vya chini, nipitishe kiganja kwenye kila ukuta, halafu nirudi.

Nilizunguka haraka haraka, nikarudi na viganja vyeupe, nikamwonyesha kama mtoto aliyenawa. Akaniuliza weupe ule ulitoka chumba gani. Sikujua.

"Sijakutuma kupaka mikono unga, nyar Kisii," akasema. Hivyo ndivyo alivyoniita mpaka mwisho, msichana wa Kisii, kwa lugha ya kwao. "Nimekutuma kuuliza. Rudi, uulize kila mmoja peke yake."

Nikarudi, safari hii polepole, nikijipangusa kwenye sketi kila nikitoka chumba kimoja. Na hapo ndipo nilipopotea, au niseme ndipo nilipopatikana. Kuta zilikuwa tofauti! Zote zilikuwa za kijivu, zote za fundi mmoja, lakini moja ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni, nyingine ilikwaruza, nyingine ilikuwa na chumvi nyeupe inayochomoza kama ukungu wa mkate, na moja ya nyuma ilitoa unga kila ukiigusa, hata ukipangusa mara ngapi. Nilirudi kwa Odhiambo nikiongea kama redio. Alisikiliza mpaka mwisho, akanipa msasa.

Kwa hiyo somo la kwanza mnalijua. Pitisha kiganja kwanza. Kikitoka na unga, ukuta haujashikana, na rangi utakayoweka itashika unga, haitashika ukuta. Chovya brashi kwenye maji, rusha matone. Yakimezwa papo hapo na kuacha doa jeusi, ukuta una kiu, na utanyonya maji yote ya rangi na kuiacha kavu kama uji uliomwagika. Yakiteleza, kuna mafuta au ukuta bado umeshiba maji. Bandika kipande cha nailoni kwa gundi ya karatasi, ule utepe wa kunata, pande zote, kilale hapo. Asubuhi ukikuta jasho ndani yake, funga kazi urudi nyumbani. Kisii mvua inanyesha karibu kila jioni, na plasta ya huku haikauki kwa sababu umeitazama kwa hasira. Nimejaribu.

Watu wa huku wana haraka na nyumba. Wageni wanakuja, harusi inakuja, maiti inarudi kutoka Nairobi, na plasta ilipigwa juzi. Kuna mwenye duka mmoja pale Masimba aliyewasha majiko ya makaa katika kila chumba na kufunga madirisha ili ukuta ukauke. Ukuta ulikauka usoni tu. Ndani ulibaki na maji yake, na tulipokataa kuupaka akatafuta wengine, wakaupaka, ukavimba malengelenge kama mguu uliomwagiwa chai. Odhiambo alikuwa akipita kwenye lile duka kununua kiberiti, hata kama ana kiberiti.

Halafu kuna ile ya kuchanganya rangi ya maji na maji zaidi na kuiita praima. Kontrakta mmoja alitaka tufanye hivyo katika nyumba ya walimu. Nikamuuliza mbele ya wote kama nyumbani kwake mtoto akilia njaa huwa anamwongezea maji kwenye maziwa na kuyaita nyama. Tulifukuzwa. Odhiambo alibeba ngazi, nikabeba ndoo, tukatembea mpaka stendi, halafu akaanza kucheka, na sikuwa nimewahi kumwona akicheka, mabega yake yakitikisika hadi ngazi ikalia.

Sasa niandike ule ukuta ulionitia wazimu kuliko yote. Ulikuwa wangu mwenyewe.

Mume wangu hubeba majani chai kwa lori kutoka vituo vya kununulia hadi kiwandani. Tulipopata mtoto wa kwanza, Ryan, tulikuwa tukikodi chumba mjini, naye alikuwa akijenga nyumba kwao, karibu na Ikonge, chini ya shamba la chai la baba yake. Baba mkwe wangu, Mzee Ombati, ni Msabato kamili. Ijumaa jua likianza kuelekea kuzama, hata jembe la kwake limeshaoshwa. Yeye ndiye aliyesimamia ile nyumba, mawe, mbao, mabati, kila kitu. Lakini kwetu Wagusii baba haingii katika nyumba ya mwanawe aliyeoa. Tunaiita ensoni, ile heshima ya kuoneana haya kati ya wazazi na watoto walio na nyumba zao. Atasimamia ujenzi jua na mvua, lakini mwanawe akishakuwa na mke, mzee anaishia mlangoni. Na mimi mke wa mwana sibishani naye uso kwa uso, wala hatupeani mikono. Jambo zito hupitia kwa mama mkwe, hata kama mzee mwenyewe amesimama hapo hapo anasikia. Mama akilainisha ujumbe, mzee hukohoa, naye mama huurudia vizuri.

Nilipotaka kurudi kazini, Ryan akiwa ameanza kutambaa, mzee hakupenda. Mama mkwe alinipeleka nyuma ya jikoni akaniambia baba yenu anauliza ni nani aliwahi kuona mama wa mtoto mchanga akining'inia kwenye ngazi pamoja na wanaume. Nikasema amwambie aliyeona ni mimi. Mzee alikuwa upande wa pili wa ukuta. Hakukohoa. Nikajua nimepita kiasi.

Baada ya siku chache likaja jibu. Watu wa kwetu walikuwa wanakuja Jumapili kumwona mtoto na kuona nyumba. Plasta ilikuwa ya miezi mingi, imekauka vizuri. Basi mzee alisema hivi: mimi na yule mzee wangu wa rangi tupake ile nyumba. Wageni wakiingia na kutoka bila aibu, nirudi kazini, na Ryan atalelewa na nyanya yake. Ukuta ukitia aibu boma lake mbele ya wakwe, nifunge brashi, nikae nyumbani.

Nilifurahi sana hata nikashindwa kulala. Nilimpigia Odhiambo simu asubuhi nikamwambia tumepewa kazi rahisi kuliko zote duniani.

Jumatano tulifika, nikaingia sebuleni, na ukuta ulikuwa unang'aa. Laini kama shavu. Shemeji yangu, Nyakundi, mdogo wa mume wangu, ndiye aliyekuwa amepiga skimu, ule upako laini wa mwisho, juu ya plasta, na boma zima lilikuwa likijivunia. Nyakundi alikuwa amekaa Tabaka kwa miaka, akichonga yale mawe laini ya sabuni, viboko na twiga wa kuuzia wazungu. Akasimama katikati ya sebule, mikono kiunoni.

"Shemeji, hapa huna kazi," akasema. "Hapa ni kumwaga rangi tu."

Nikapitisha kiganja.

Kilitoka cheupe chote, mpaka katikati ya vidole, kama nilikuwa nimekitia kwenye gunia la unga wa ugali. Na ule unga ulikuwa unateleza. Nikausugua kwa kidole gumba, ukateleza kama poda ya mtoto. Nikamtazama Nyakundi, nikamuuliza alichanganya nini. Akasema kwa furaha kabisa: unga wa mawe ya Tabaka, magunia matatu, ule unaobaki chini ya mashine, bure, na chokaa kidogo, na gundi nyeupe kidogo ya kushikisha. Gundi kidogo! Mtu amepaka nyumba yangu poda ya mtoto kutoka sakafu mpaka dari, na bado anasema gundi kidogo.

Odhiambo akafungua mkebe wa rangi ya maji, krimu, akachovya rola na kuipitisha mara moja nyuma ya mlango. Rola ilipanda na rangi, ikashuka na skimu. Ilijikunja juu ya rola kama malai ya maziwa, na chini yake plasta ya kijivu ikatuchungulia.

Nyakundi alisema ni rola yangu iliyo mbaya. Kisha akasema ikikauka itashika. Kisha alitoka nje, na kabla sijafika mlangoni nilisikia akimwambia baba yake kwamba huyu mama anatafuta sababu ya kuchelewesha ili wageni wakute kazi nusu, aonekane ana kazi ngumu. Muda si muda mama mkwe akaja na ujumbe: baba yenu anasema ukuta ameambiwa ni kama sahani, upakwe leo na kesho, ikifika Ijumaa jioni harufu iwe imeisha.

Mnaona nilipokuwa nimefika? Mwenye kuamua haingii ndani. Yule anayeingia ndani ndiye aliyeharibu. Na mimi siruhusiwi kwenda kusimama mbele ya baba mkwe wangu nimwambie baba, umedanganywa. Nilikaa chini sakafuni nikamnyonyesha Ryan nikiwa na hasira mpaka akaacha kunyonya akanitazama.

Odhiambo akaketi kwenye ndoo. Akasema kwao pia kuna mambo kama hayo na hawezi kunisaidia kwa hilo. Kisha akasema: "Kama mzee hawezi kuja kwa ukuta, basi ukuta uende kwa mzee."

Sikulala tena, lakini safari hii ni kwa hamu ya kupigana. Tulichagua sehemu pana nyuma ya mlango, tukaipaka makoti mawili, yaani mara mbili, ya ile krimu kwa brashi, polepole, bila kuivuta, ili mtu asiseme ni rola. Alhamisi asubuhi ilikuwa imekauka na inapendeza, kusema kweli. Nyakundi aliipapasa akatabasamu. Nikachukua gundi ya karatasi, ile pana ya rangi ya maziwa, nikabandika mistari mirefu kutoka juu hadi chini, nikaisugua kwa ukucha ishike. Nikamwomba Nyakundi avute mwenyewe. Akavuta.

Ilikuja yote. Rangi, skimu, vyote, kipande kikubwa kama aproni, kikining'inia mkononi mwake na kumwaga unga juu ya viatu vyake. Nilikipokea kwa sinia kubwa ya mama mkwe, ile ya kupakulia ugali wa wageni, nikakilaza vizuri na upande wa unga ukitazama juu, nikampa mama. Akakipeleka nje kama anapeleka chakula.

Nilisimama ndani nyuma ya pazia. Mzee Ombati aliitazama ile sinia kwa muda mrefu. Kisha akachukua unga kwa vidole viwili, akausugua, akaunusa. Mzee huyu ameishi na mikono yake ardhini maisha yake yote, na Tabaka anaijua. Akatia kidole kwenye rangi, akaigeuza, akaona jinsi ilivyoshika unga vizuri sana na kuuacha ukuta.

"Huyu ametupaka poda," akasema. Hakupaza sauti. Nyakundi alikuwa nyuma ya nyumba tayari, anatafuta la kufanya.

Halafu akamgeukia mama mkwe, nami nikiwa hapo hapo nyuma ya kitambaa: "Muulize mama Ryan anataka nini."

Mama akanigeukia, ingawa hakuhitaji. Nikasema: "Mwambie Baba nataka siku yote ya leo na kesho ya kukwangua na kupiga praima. Na nataka Sabato yake. Ukuta usiguswe na mtu mpaka Jumapili asubuhi."

Niliwaza nimemtaka Mungu wake anishikilie ndoo. Kisha nikasikia kule kukohoa kwake, kufupi, na mama akasema amekubali, na Nyakundi atakwangua na ninyi.

Wasichana, nitawaambia jinsi tulivyokwangua kwa sababu mtakutana na ukuta wa hivyo. Nyakundi alitaka kumwaga maji ili skimu ilainike na kutoka kama matope. Nikamzuia mlangoni na ndoo yake. Ukilowesha, utapiga praima Krismasi. Tulikwangua kavu, kwa skrepa, kisha msasa mgumu mpaka plasta yenyewe ikatokea, kisha brashi laini ya kufagia kutoka juu kushuka, pembe zote, kisha tena. Kiganja. Fagia. Kiganja tena. Nyumba ilijaa vumbi hadi tukawa tunaitana kwa sauti. Nilikuwa nimefunga leso kichwani vizuri, kulinda nywele zangu zilizosukwa kwa ajili ya wageni. Pua na mdomo viliachwa wazi. Hakuna aliyeniambia, na Odhiambo mwenyewe alikuwa akikohoa miaka yote na kusema ni sigara, na hakuvuta sigara. Lile mnisamehe, nitalirudia.

Ijumaa tulifungua praima ya mafuta, ile nyembamba inayozama, tukaiongezea tapentaini kidogo kwa koti la kwanza, madirisha wazi, Ryan akipelekwa jikoni kwa nyanya yake mbali na harufu. Na hapa ndipo ninaposhindwa kuandika bila kusimama. Mnajua ile sauti? Brashi inapogusa plasta yenye kiu, kuna sauti ndogo, kama mtu anavuta uji wa moto kutoka kikombe. Ukuta ulikunywa. Niliweka mstari unaong'aa, nikageuza macho kuchovya, nikarudi nikakuta umefifia, umeingia ndani. Ulikunywa na kushikana. Vile vijiunga vidogo vilivyobaki kwenye vitundu vilifungwa mahali pake kama misumari. Mchana koti la pili lilikaa juu, haukunywa tena, ukawa na weupe mmoja mzito usio na kung'aa, na nilitaka kuita mtaa mzima uje uone kitu ambacho hakina rangi hata. Nyakundi alipitisha kiganja pale palipoanza kukauka, akakitazama, akakipitisha tena.

"Hakitoki kitu," akasema. Alisema kama analalamika.

Jua lilikuwa limeshuka hadi juu ya chai. Tulikuwa tumebakiza ukuta mmoja wa chumba cha kulala. Nje mzee akakohoa. Odhiambo akanitazama, akafunga mkebe. Ule ukuta ulibaki wa kijivu, tukaumaliza baadaye. Tulisafisha brashi kwa haraka kama wezi na jua likazama.

Jumamosi nilikaa kanisani na sikusikia hata andiko moja. Nilikuwa nasikiliza ukuta. Nakiri kwamba ndiyo Sabato pekee niliyoifurahia dakika zote, maana kwa mara ya kwanza katika kazi yangu hakukuwa na mtu hata mmoja katika boma lote aliyeruhusiwa kuniharakisha. Praima ilipewa siku nzima ya kupumzika kwa amri ya Mbinguni. Kontrakta gani atakupa hiyo?

Jumapili asubuhi nilifungua mlango wote, nikabandika gundi ya karatasi kwenye ukuta ule ule, pembeni mwa mlango, mahali ambapo mtu aliyesimama nje anaweza kuona. Mzee alikuwa nje, eti anarekebisha bawaba ya dirisha. Nikavuta kwa nguvu zangu zote. Ilitoka safi. Nikaigeuza kwenye mwanga ili aone, bila kumtazama. Bawaba ilirekebishwa haraka sana baada ya hapo.

Tulipata muda wa kupaka krimu koti moja sebuleni tu. Vyumba vingine vilibaki na weupe wa praima. Mume wangu aliuliza kwa wasiwasi kama wageni hawatasema nyumba haijaisha. Nilimwambia heri waseme haijaisha kuliko waibebe mgongoni kwenda nayo.

Na mgongo ndio uliokuja. Mama yangu mdogo, Bosibori, mwanamke mkubwa mwenye maneno makubwa, alikuja amevaa suti nyeusi ya mahafali ya mwanawe. Nyeusi kabisa! Aliingia, akazunguka vyumba, akauliza mbona huku ni kweupe na huku ni krimu, kisha akakaa kwenye benchi lililo karibu na ukuta, akaegemea mgongo wote, akaanza hadithi. Kila alipocheka alijisugua kwenye ule ukuta kama ng'ombe kwenye mti. Nyakundi alikuwa ameleta soda, akasimama na kreti mkononi anatazama ile suti. Odhiambo, ambaye tulimlazimisha akae kama mgeni, aliacha kutafuna. Mimi nilikuwa nimemshika Ryan na nilikuwa najua kwamba kazi yangu yote iko kati ya ule mgongo na ule ukuta.

Mwishowe akainuka, akatoka kwenda kula kwenye hema uani. Wazee walikuwa wamekaa huko, Mzee Ombati katikati. Na mzee yule, ambaye katika maisha yake hajawahi kumtazama mkwe wa kike kwa nyuma, aligeuza kichwa chake chote na kumfuata mama Bosibori kwa macho kutoka mlangoni mpaka kwenye sufuria za chakula. Suti ilikuwa nyeusi. Nyeusi tu, mpaka kwenye mshono.

Baadaye nilikuwa jikoni naosha masinia, mama mkwe akaja akasimama karibu yangu, midomo yake ikizuia kicheko.

"Baba yenu anauliza, kesho unatoka saa ngapi, ndio mtoto aletwe kwetu mapema."

Baada ya hapo nilifanya kazi Kisii na Nyamira nzima, na ninyi mnajua nusu yake kwa sababu mlikuwa chini ya ngazi. Odhiambo alirudi kwao ziwani anafuga kuku, akaniachia skrepa yake, na akipiga simu huwa analalamika kuhusu ukuta wa jiko lake ambao hajaupiga praima. Nikaja kuwachukua ninyi, mmoja mmoja, na kila mmoja siku ya kwanza nikamtuma kwenye vyumba na viganja vyake, na kila mmoja alirudi na mikono myeupe akidhani amemaliza. Moraa, wewe ulirudi mara nyingi kuliko wote. Nilijua hapo hapo kwamba wewe utakuwa fundi.

Kisha kikohozi. Kilianza kidogo, nikasema ni baridi ya Keroka. Nikiwa na mimba ya pili kilinikaba mpaka nikashindwa kumaliza ngazi, na kliniki mjini wakanisikiliza kifua, wakaniuliza nafanya kazi gani, wakaniambia nisiingie tena kwenye vumbi la kusugua. Si kupunguza. Nisiingie. Nilitoka pale nimejaa hasira ambayo bado sijaimaliza, na ndiyo maana nawaandikia. Miaka yote tuliziba kuta ili zisitoe unga, na hakuna hata mmoja aliyetuambia tuzibe pua zetu. Zile barakoa za wakati wa korona ziko ndani ya ndoo yangu, pakiti nzima, na Kerubo ameigeuza mfuko wa misumari. Toa misumari. Vaa. Atakayekwangua bila barakoa nitajua, na nitakuja na hasira hii yote.

Mwezi uliopita Nyakundi, ambaye sasa ameoa, alimaliza nyumba yake, juu kidogo ya yetu. Skimu alimpa mtu mwingine, nashukuru. Akawaita ninyi. Nilienda kuona, nikafika mlangoni, vumbi la msasa likanigonga usoni, nikarudi nyuma. Mzee Ombati alikuwa amesimama hapo nje, pembeni ya ndoo iliyofunikwa, akisubiri. Haingii, ni nyumba ya mwanawe. Mimi siingii, ni kifua changu. Tulisimama hivyo, yeye upande huu wa ndoo na mimi upande ule, tukisikiliza skrepa zenu.

Ninataka mjue kwamba nilikuwa natamani kulia, na hapo hapo nilikuwa na furaha kama mwehu, maana nilisikia brashi ikianza na nikajua, kwa sauti tu, kwamba ule ukuta unakunywa.

Wewe Moraa ulitoka ukiwa na barakoa, macho tu, na kipande cha gundi ya karatasi ulichovuta kwenye ukuta mliopiga praima jana yake. Ulitaka kunipa mimi. Mzee alinyoosha mkono kwanza. Alikiinua kwenye mwanga, akakigeuza, akapitisha kidole gumba. Kisha, kwa kuwa hatupeani kitu mkono kwa mkono, akakiweka juu ya kile kifuniko cha ndoo kati yetu, nami nikakichukua. Kilikuwa safi.

Mama mkwe hakuwepo. Hakukuwa na mtu wa katikati.

"Mama Ryan," akasema, akiutazama mlango, "waambie wapake."

Nikawaambia.